Siku ya kufunga shule iwe ya wana wote: barua ya wazi kwa wakuu wa elimu, Lamu

Kwa Waziri wa Elimu, Nairobi;
kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Lamu;
kwa Waziri wa Kaunti mwenye dhamana ya chekechea;
na kwa wenyeviti wa bodi za shule zetu za msingi, visiwani na bara.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Kwa wasio wa dini yangu, hamjambo. Na walionizidi umri, shikamooni.

Nawaandikia juu ya siku moja tu katika mwaka mzima wa masomo, nayo ni siku ya kufunga shule muhula wa tatu. Najua meza zenu zina mambo mazito kuliko hili. Walimu hawatoshi, fedha zinachelewa kufika shuleni, na sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) imeingia katika majengo yasiyo na maabara. Hayo yote yana watu wanaoyapigia kelele kila siku. Hili la sherehe halina mwenyewe, na kwa kuwa halina mwenyewe limekwenda likageuka biashara, hata watoto wengine wanabaki nje ya lango siku ambayo ilikuwa yao.

Mimi ni mzazi, nakaa mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Nina watoto watatu: mmoja chekechea, mmoja Gredi ya 6, na mkubwa wao yuko sekondari msingi. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi karibu na lango la shule, jioni viazi karai na sambusa. Siku ya kufunga shule ndiyo siku ninayouza kuliko siku zote za muhula, kwa hivyo mtu asije akadhani naipiga vita sherehe. Naitaka. Naitaka iwe kubwa kuliko ilivyo sasa, ila si kwa mtindo huu.

Kuna shule moja ya umma hapa kwetu. Jina naliacha, kwa sababu haiko peke yake na sitaki mwalimu wake mkuu aitwe ofisini kwa ajili ya barua yangu. Mwezi wa Septemba ujumbe uliingia kwenye kikundi cha wazazi cha simu: kila mwana wa PP2, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea, na wa Gredi ya 6 atatoa shilingi 1,500 za mahafali. Ndani yake kulikuwa na joho la kukodi na kofia yake ya pembe nne, picha moja ya fremu, soda, sahani ya pilau, na kipande cha keki ambayo juu yake amesimamishwa mdoli naye kavaa joho. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Vitabu, chaki, karatasi, kutengeneza dawati lililovunjika, vyote vimo humo. Asubuhi moja ya joho imeshinda mwaka wa chaki, tena kwa shilingi 80.

Na joho lenyewe ni zito, jeusi, limekuja kwa basi kutoka Mombasa ndani ya magunia, likavushwa na boti kutoka Mokowe. Tunalivika watoto wa miaka mitano mwisho wa Oktoba, maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, hakuna upepo wa kutikisa jani la mkungu. Wanakaa juani saa nzima wakimngoja mgeni wa heshima. Nimeshawahi kuuza barafu zote za ukwaju kabla hata maombi ya kufungua hayajasomwa.

Huyu wa PP2 angalau anaingia Gredi ya 1. Wa Gredi ya 6 anahitimu kwenda wapi? Tangu Januari 2023 sekondari msingi iko ndani ya shule hizi hizi za msingi. Mtoto anavua joho, anakula keki, mamake analia, picha inatundikwa ukutani, kisha Januari anarudi palepale, kwa lango lile lile, ananunua mahamri kwangu kama kawaida. Wanaoondoka kweli ni wa Gredi ya 9. Wale waliotangulia walifanya KPSEA ya kwanza, mtihani wa Gredi ya 6, mwaka 2022, wakafanya KJSEA ya kwanza, mtihani wa Gredi ya 9, mwaka 2025, na muda wote huo serikali ilikuwa ikijenga njia huku wao wameshaanza kuipita. Wengi wao wamekaa ndani ya ua mmoja tangu Gredi ya 1. Kama kuna watoto wanaostahili kuagwa kwa ngoma ni hawa. Nilichokiona mimi ni kwamba walimaliza karatasi ya mwisho, wakatoka wawili wawili, wengine wakapita forodhani kuogelea na sare zao, basi.

Sasa nirudi kwa wasiolipa. Mtaambiwa kwamba mchango ni wa hiari. Hiari gani yenye orodha? Kila Jumapili usiku orodha ilirushwa kwenye kikundi, majina na kiasi, na ambaye hajatoa jina lake likaachwa na nafasi tupu mbele yake. Siku yenyewe ilipofika, msichana mmoja alikuja kusimama kando ya meza yangu, sare imefuliwa na kupigwa pasi, nywele zimesukwa vizuri. Nikamuuliza mbona hauingii? Akasema mamake kamwambia atazame kutoka nje kwa sababu viti vimehesabiwa. Husemwa asiyekuwapo na lake halipo. Huyu alikuwapo, hatua chache kutoka kwenye hema, na lake halikuwapo vilevile.

Waheshimiwa, nyinyi sheria mnaijua kuliko mimi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo, na inasema malipo mengine sharti yapate idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kwamba mtoto asikataliwe kuja shule kwa kushindwa kuyalipa. Siku ya kufunga ni siku ya shule. Imo kwenye kalenda ya Wizara. Mtoto aliyeambiwa abaki nyumbani siku hiyo kwa sababu ya joho, au aliyekuja akaishia langoni, amekataliwa shule siku moja, na sijui mwanasheria gani atanionyesha vingine.

Ombi langu la kwanza ni hili basi, na ni la waraka mmoja mfupi. Waziri kwa upande wa shule za msingi, na kaunti kwa upande wa chekechea, kwa maana Katiba imeweka chekechea mikononi mwa kaunti na hapa ndipo kila mmoja humsukumia mwenzake mpira. Semeni kwamba hakuna mchango wa lazima wala wa orodha kwa sherehe ya kufunga mwaka, na kwamba mtoto yeyote wa shule ile ana haki ya kukaa ndani. Mzazi anayetaka kumkodia mwanawe joho na ampeleke studio, ampige picha hata kumi. Hayo ni yake na mwanawe.

Najua mtakalonijibu baadaye: muhula wa tatu hauna sherehe. Ndiyo, nalikumbuka agizo la 2016. Mitihani ya 2015 ilikuwa imevuja hadi aibu ikatujaa nchi nzima, na Waziri wa wakati huo, Fred Matiang'i, akapiga marufuku siku za maombi, ziara za wazazi na siku za kutoa zawadi katika muhula wa tatu. Sikulipinga agizo lile na silipingi leo. Watu walikuwa wakitumia maombi kupitisha karatasi. Lakini lilitungwa kwa ajili ya chumba cha mtihani, likaja kutua hata juu ya mtoto wa Gredi ya 2 anayetaka kumwimbia mamake wimbo. Tangu hapo kila mwalimu mkuu hulisoma kwa kadiri ya woga wake. Mmoja hafanyi chochote. Watoto wanapewa ripoti mlangoni kama risiti ya dukani na kuambiwa tutaonana Januari. Mwengine hufanya nusu, madirisha yamefungwa, akiomba isipigwe picha. Na mwengine anasimamisha hema na spika mbili kubwa, kwa kuwa mgeni wake wa heshima ni mkubwa wa kutosha kwamba hakuna atakayeuliza.

Halafu kuna kalenda yenyewe. Chukueni mwaka 2024. Muhula ulifungwa tarehe 25 Oktoba, Ijumaa. KPSEA ikaanza tarehe 28, Jumatatu. Maana yake wadogo waliondoka, na watahiniwa wakabaki kumalizia mwaka wao katika shule tupu. Hakuna siku hata moja ambayo shule nzima ilimaliza pamoja. Na kuweka sherehe Ijumaa hapa Amu ni kuiweka mahali pabaya. Mgeni hufika saa nne na nusu badala ya saa tatu. Hotuba. Hotuba nyingine. Ikigonga saa sita akina baba wanaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kutia udhu, walimu Waislamu nao hivyo hivyo, na Gredi ya 1, ambao wamefanya mazoezi ya wimbo wao wiki tatu, hawajaitwa. Mwisho wanaimbia viti.

Kwa hivyo tupeni Alhamisi ya wiki ya mwisho. Saa moja na nusu asubuhi hadi saa nne na nusu, kabla jua halijawa kali, kabla karatasi za mtihani hazijatoka kwenye kontena, shule yote ikiwa pamoja, watahiniwa wakiwemo. Vyumba vya mtihani vifungwe kwa kufuli tangu Jumatano; wazazi wakae uani, chini ya miti, wasikanyage darasa. Mkiandika hivyo kwenye waraka, mwalimu mkuu mwoga na mwalimu mkuu jasiri watafanya jambo moja.

Sasa siku yenyewe iwe na nini? Hapa ndipo ningependa mnivumilie, kwa sababu naona tumeikodi sherehe kutoka mbali ilhali kwetu kuna watu wanaojua kusherehekea tangu zamani.

Mimi nilisoma enzi za nambari. Siku ya kufunga tulipangwa mstari uwanjani, mwalimu wa darasa akasoma majina kuanzia wa kwanza. Watatu wa mwanzo walipewa daftari na kalamu, tukapiga makofi. Kisha akaendelea hadi wa mwisho, kwa sauti ile ile, mzazi wake yupo, jirani yake yupo. KCPE, mtihani wa darasa la nane, kuanzia 1985 hadi ilipofanywa mara ya mwisho 2023, ilitufundisha kwamba mtoto ni nambari. Mtaala mpya umekuja na maneno mengine kwenye ripoti: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Sina ugomvi na maneno hayo, ingawa jirani yangu alipoambiwa mwanawe anakaribia matarajio aliuliza atafika lini. Ila siku ya sherehe bado inafikiri kwa nambari. Wanaitwa wale wale watatu, wanapewa kikombe cha plastiki kilichopakwa dhahabu, na wengine wote ni wapiga makofi.

Nendeni chuoni mkatazame. Nasema chuo cha Kurani, pale watoto wetu wanapokwenda alasiri wakitoka shule. Chuo kikisoma maulidi yake hakuna mtoto asiye na sehemu. Aliyehifadhi juzuu atasoma kwa urefu. Ambaye hajafika mbali atasoma sura fupi mbili. Mdogo kabisa, ambaye herufi bado zinamchanganya, atasimama na wenzake katika kasida, au atapiga dufu, au atashika bendera kwenye zefe, au atapitisha sinia la halwa huku akilindwa asije akalimaliza. Mamake anajua saa ya mwanawe itafika na huketi akiingoja. Mwana akikwama, mwalimu humpa neno la mbele, anaendelea, watu wanasema mashaallah. Hakuna aliyelipa kiingilio. Nguo ni kanzu yake ile ya Idi, na asiyekuwa nayo huazimwa ya binamu. Mchele, nazi na mbuzi hutoka kwa wanaojiweza, na mara nyingi hata haijulikani katoa nani.

Sisemi shule igeuzwe chuo. Shule zetu zina watoto wa dini zote, kutoka Hindi na Mpeketoni hadi Kiunga, na walimu wetu wengi wametoka bara na mila zao. Nasemea ule utaratibu: kila mtoto ana sehemu yake, kubwa au ndogo, na hana hofu kwamba hataitwa.

Na sehemu za kugawa tunazo tele. Mtaala wenyewe unasema mtoto atambuliwe kwa umilisi wake. Basi Matondoni pale, ambako watu wanajua kuunda jahazi na kusuka mikeka, mtoto wa Gredi ya 4 aonyeshe ukili aliousuka mwenyewe, na mwenzake alete kidau alichokichonga akieleze kila ubao jina lake. Siyu kuna kazi ya ngozi. Kizingitini wana wanajua bahari kuliko kitabu chochote cha sayansi. Mmoja asimame aeleze bamvua na maji mafu, mwezi unafanya nini, kamba hutafutwa lini. Hindi wataleta mazao ya shamba la shule. Hapa Amu wapo wavulana wa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, wapo wasichana wenye sauti, na mashairi tumelishwa na maziwa. Hakuna nyumba isiyokuwa na bibi mmoja anayejua tungo za kumfundisha mjukuu wake. Bao lichezwe pembeni, babu dhidi ya mjukuu. Mtoto asiyesema kabisa, na kila darasa lina mmoja, yeye ndiye aliyechora lile bango la kuwakaribisha wageni, na jina lake liandikwe chini kwa herufi kubwa.

Chakula? Kila nyumba ilete inachoweza. Mwenye mahamri, mwenye mkate wa sinia, mwenye maembe maana ndiyo majira yake, mwenye mtungi wa maji. Viwekwe kwenye meza moja ndefu na visiulizwe vimetoka kwa nani. Mimi nitaleta sambusa, na nitakubali hasara ya siku ile. (Mume wangu akisoma hapa atacheka.) Spika zile kubwa ziachwe. Zinaleta nyimbo ambazo mtoto wa Gredi ya 3 anazijua kwa moyo na mimi naona haya kuzisikia mbele ya mkwe wangu.

Kuhusu wageni wa heshima sina mengi. Waje, wakaribishwe kiti na kahawa, waseme dakika tano, wasingojwe. Mwenye nia ya kutoa ahadi ya choo au tangi la maji aitoe ofisini kwa maandishi. Mwaka unafungwa na watoto, si na kampeni.

Kuna jambo la visiwani ambalo Nairobi huenda halionekani. Ukiwa Faza au Kizingitini, saa hupangwa na maji. Boti za kupita Mkanda haziendi maji yakiwa yamekauka, na mwalimu wa kutoka bara anayetaka kufika kwao lazima awahi Mokowe, apate basi la kushuka Garsen, Malindi hadi Mombasa, na huko bado hajafika nusu ya safari. Shule ikifungwa saa nane na maji yametoka, mwalimu amelala hapo. Ndiyo maana walimu wengine siku ile wana mikoba mgongoni tangu asubuhi, akili iko botini, na sisi tunawasema kwamba hawapendi watoto. Mkurugenzi awaachie wakuu wa shule za Pate, Ndau na Kiwayu wachague siku ndani ya wiki ya mwisho kwa kuangalia maji. Na walimu hawa waagwe. Wengine wanaondoka kwa uhamisho wa TSC, tume ya kuajiri walimu, na mwaka mpya hatuwaoni tena. Mtu amefundisha wana wetu kusoma miaka minne, anaondoka kwa punda mmoja wa mizigo hadi gatini, hajaambiwa hata asante mbele ya watu.

Na msisahau Basuba. Shule za Waboni katika wadi ile zilifungwa baada ya mashambulizi ya 2014, zikakaa miaka bila kengele, na watoto wengi wakapelekwa bweni Mokowe. Shule zile na zile nyingine za mpakani hazipati mgeni wa heshima, hata picha hazipati. Kama kaunti ina fedha ya hema mwaka huu, na ianze na kule. Wana waliorudi darasani baada ya kuikosa shule kiasi kile wana cha kusherehekea kuliko sisi sote, na kwa yule aliye bwenini, siku ya kufunga ni siku ya kungoja gari. Gari lifike. Hiyo ndiyo sherehe yake.

Serikali ya kaunti nina neno lake peke yake. Novemba tuna Tamasha la Utamaduni la Lamu. Wageni wanakuja, punda wanashindanishwa, mashua zinatweka matanga, uwanja wa Mkunguni unajaa ngoma. Wakati huo watoto wetu wako likizo, wamesimama nyuma ya kamba wakitazama migongo ya watalii. Wapeni asubuhi moja ya tamasha. Kila shule ya msingi ilete jambo moja ililoonyesha siku ya kufunga, na chekechea nao wasiachwe. Haihitaji bajeti ya kutisha. Inahitaji boti za kuwavusha wa visiwani, na boti kaunti mnazo, tunaziona zikipita na viongozi.

Hili la likizo linanikumbusha kingine. Kutoka mwisho wa Oktoba hadi Januari ni miezi miwili na zaidi, na mji huu tunaujua. Kuna vichochoro ambavyo sitaki mwanangu wa miaka kumi na minne avizoee. Siku ya kufunga ndiyo mara pekee wazazi wengi hufika shuleni, baba zao pia. Mwalimu mkuu apewe robo saa atuambie bila kufichaficha nani ameanza kukosa shule, wasichana gani wameanza kusemewa habari za ndoa, wavulana gani wameonekana wapi. Si kwa majina hadharani. Atuite kando, mmoja mmoja, kabla pilau haijaletwa, kwa sababu pilau ikishaletwa hakuna anayesikia.

Mwisho ni juu ya wakati. Michango ya mahafali huanza kukusanywa Septemba, mara tu muhula wa tatu ukifunguliwa mwisho wa Agosti. Waraka ukija Oktoba utakuta majoho yameshalipiwa na mtu ameshatia fedha mfukoni, na hapo mtaambiwa haiwezekani kurudisha. Uje Agosti. Na ukija usiishie kwenye simu za wakuu wa shule. Ubandikwe kwenye ubao ulio nje ya ofisi, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka. Wazazi wengi wa hapa hawamo kwenye vile vikundi, na wale ambao watoto wao hubaki nje ya lango ndio hasa wasiokuwamo. Mimi nitawasomea wasioweza kusoma. Niko pale kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Langoni, Amu